Silinda Hedi na Miaka ya Dhiki



Siku hizi injini ikichemka hadi kuharibika, shauri la kwanza la mwenye gari ni kutafuta nyingine iliyotumika kutoka Japani. Zamani haikuwa hivyo. Napenda kueleza kwa ufupi jinsi mafundi wa hapa Katesh walivyofufua silinda hedi, maana ni historia ambayo haimo katika vitabu vyetu vya darasani.

Nachukua mfano wa Peugeot 404. Gari hili lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Lilijipatia sifa Afrika ya Mashariki kwa kushinda mbio za Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell. Bloku yake ni ya chuma, bali silinda hedi ni ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa hiyo injini ikichemka sana, hedi hupinda na gasketi huungua.

Mazingira yetu nayo yaliongeza taabu. Katika mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kifuniko cha rejeta kikichoka, gari lenye mzigo linalopanda kutoka Babati halina usalama.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Vita vya Kagera vilianza mwaka 1978, na bei ya mafuta ikapanda mwaka uliofuata. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na spea zikawa adimu. Gari likilala Katesh, mgonjwa na gunia la mahindi vililala pia.

Fundi hakuwa na budi kutumia alichonacho. Nilipokuwa mwanafunzi katika miaka ya 1990 nilikuta mbinu hizo zingali zikitumika. Fundi aliweka msasa juu ya kioo kinene, akasugua hedi polepole, kisha akaipima kwa rula ya chuma. Pale mwanga ulipopenya chini ya rula, alirudia. Valvu alizisaga kwa mkono katika viti vyake, akamimina petroli kujaribu kama zinavuja. Alikataza mtu yeyote kuzungusha injini hedi ikiwa nje, kwa sababu laina za Peugeot hunyanyuka na baadaye maji huingia katika oili.

Kazi ya mwisho ilikuwa njia za hewa. Mafundi wa magari ya mashindano huzipanua na kuzilainisha ili injini ivute hewa nyingi na kupata kasi. Fundi wetu hakutafuta kasi. Alikwangua masizi, akaondoa kingo pale manifodi inapokutana na hedi, akaishia hapo. Hata hivyo elimu ni ileile: katika mwinuko wetu hewa ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya saba, na kila kizuizi kinachoondolewa ni nafuu kwa injini. Alijua pia kiasi. Hedi ikipunguzwa mno, mgandamizo hupanda, injini hugonga na valvu huweza kugusa pistoni.

Tangu mwaka 1984, Serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, spea zilianza kurudi, na haja ya kioo na msasa ikapungua. Hilo ni jambo jema, wala siombi dhiki irudi. Lakini wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Uhunzi huisha pale mhunzi anapoondoka bila mwanafunzi.

Basi, vijana mnaosoma fizikia, nendeni gereji wakati wa likizo mkawaulize wazee hawa, na daftari mkononi. Nasi tuliotangulia tuwasaidie kuchapisha mtakayoyaandika.