Edward Steere, Mjenzi wa Mawe na wa Maneno

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika miji ya Gitega na Muyinga huwa na desturi ya kuwaambia wanafunzi wetu kwamba lugha hii si ngeni kwao kama wanavyodhani. Tukitafuta ushahidi, hatuna haja ya kwenda mbali. Yatosha kusimama penye nyumba inayojengwa na kusikiliza. Mtu anayeaka ukuta huitwa kwa Kirundi umufundi. Anachokiaka ni amatafari. Na pale anapoacha nafasi ya mwanga na hewa kupita, hapo patawekwa idirisha. Maneno haya matatu mwanafunzi amekuja nayo kutoka nyumbani, na kumbe ni fundi, tofali na dirisha. Hata hilo la mwisho Waswahili wenyewe walilipokea kutoka kwa Waajemi.

Lakini tutazame upande wa pili. Maneno inzu, urugo na irembo, yaani nyumba, boma na lango, ni ya Kirundi tangu asili, kwa kuwa Warundi walikuwa wajenzi hodari kabla ya tofali la kwanza kuchomwa nchini mwao. Anayetaka kuona ustadi huo na aende Gishora, kilima kilichoko kilomita chache tu kutoka Gitega, mahali palipoanzishwa na mfalme Mwezi Gisabo katika karne ya 19 na panapohifadhiwa ngoma za kifalme. Nyumba ya pale ni ya fito na nyasi, imesukwa kwa mviringo mithili ya kikapu kilichofunikwa. Haina tofali wala dirisha. Kwa hiyo maneno ya Kiswahili hayakuja kuondoa ya Kirundi. Yalikuja pamoja na namna nyingine ya kujenga, ambayo ilipata nguvu hasa baada ya Wajerumani kuhamishia makao yao ya utawala Gitega mwaka 1912.

Basi tukajiuliza: je, yuko mtu mmoja ambaye katika maisha yake tunaweza kuziona kazi hizi mbili, ya kujenga nyumba na ya kujenga lugha, zikienda sambamba? Yuko. Alifanya kazi Unguja, na jina lake ni Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Hakusomea ujenzi. Alisomea sheria, akafikia shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London, kisha akaiacha kazi hiyo na kuingia katika utumishi wa kanisa. Mwaka 1864 aliwasili Unguja pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya Kiingereza iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Kazi aliyoishika mapema ilikuwa ya kusikiliza. Alikaa na watu wa mji, akawauliza majina ya vitu, akaandika hadithi zao kama walivyozisimulia, na akasimamia mtambo wa kupigia chapa ambao vijana wa misheni walijifunza kuutumia. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili ambavyo kila mwalimu wa Kiswahili apaswa kuvijua: kimoja cha sarufi na msamiati wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja, na kingine cha ngano za Waswahili. Ilipofika mwaka 1928, wajumbe waliokutana Mombasa walikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kazi ya Steere ilikuwa miongoni mwa zile zilizokuwa zimekwisha kuitandika njia hiyo.

Ama kuhusu ujenzi, nafasi yake ilikuja mwaka 1873. Mwezi wa Juni mwaka ule Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa ya baharini, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Misheni ikapata uwanja pale Mkunazini, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mwaka uliofuata Steere alifanywa askofu, naye akaishika kazi ile kwa mikono yake miwili.

Hapa inafaa tueleze tatizo lililomkabili, kwani ndilo linalotuonyesha mjenzi alikuwa mtu wa namna gani. Nyumba za mawe za pwani hujengwa kwa matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe hupatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya lundo la kuni. Paa lake bapa hubebwa na boriti za mikoko. Sasa boriti ya mkoko ina kimo chake: ikizidi kiasi cha mita tatu hivi, haiwezi tena kuubeba uzito wa mawe na chokaa bila kupinda. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Unguja na Lamu ni virefu lakini vyembamba. Mti ndio uliompimia mwashi upana wa chumba.

Kanisa la kukusanya watu wengi lahitaji upana mkubwa zaidi ya huo. Steere aliamua kulifunika kwa tao moja refu la zege, kwa kuchanganya saruji iliyoletwa kwa meli na matumbawe yaliyopondwapondwa. Kazi ya namna hii ina hatari zake. Tao husukuma kuta kwenda nje, hivyo sharti kuta ziwe nene. Zege nalo halina budi kushikiliwa na mbao mpaka likauke na kushika, na siku ya kuziondoa mbao hizo ndiyo siku ya hukumu. Walikuwapo wengi waliotabiri kwamba paa lingeanguka. Halikuanguka. Kufikia mwaka 1880 jengo lilikuwa limekwisha, na paa lile limesimama hata leo. Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga.

Hiyo ndiyo sifa yake, nasi hatuipunguzi. Hata hivyo, kuna jambo moja linalotukera. Mgeni akiingia katika kanisa lile, wenye kumtembeza hupenda kumwonyesha nguzo fulani na kumsimulia kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini, miguu juu, wakati askofu hayupo, na aliporudi akaamua ziachwe vivyo hivyo. Mgeni hucheka na kuendelea na safari yake. Ikiwa kisa hicho ni kweli au ni mapambo ya masimulizi, sisi hatukitumii kama ushahidi. Tunachokiona ni hiki: waashi walioyachonga matumbawe, wachomaji wa chokaa, wapanda majukwaa na wachukuzi wa maji, wote hao wamebakiziwa kisa kimoja tu katika kumbukumbu za mgeni, nacho ni kisa cha kosa lao. Paa lililosimama ni la askofu. Nguzo zilizopinduliwa ni za mafundi. Huo si mgawanyo wa haki.

Wala si haki kwa Steere mwenyewe, maana hakuna mtu ajengaye zege peke yake, kama ambavyo hakuna mtu atungaye sarufi peke yake. Steere hakuyabuni maneno ya kitabu chake. Alipewa na watu waliokuwa na subira ya kumfundisha mgeni. Kadhalika, ukuta wake ulisimama wima kwa sababu yuko aliyeshika timazi na aliyejua kuitumia. Elimu ya matumbawe na chokaa ilikuwapo pwani karne nyingi kabla ya meli yake kutia nanga.

Turudi sasa kwetu. Tunapopita mbele ya majengo ya zamani ya Gitega, twaweza kutaja utawala ulioyaamuru. Je, twaweza kumtaja hata mmoja kati ya walioyaaka? Twajua kwamba mikono ilikuwapo, kwa kuwa imetuachia maneno. Umufundi, amatafari na idirisha ni kama alama za vidole katika udongo mbichi: zatuonyesha kwamba mtu alipita hapa, akafanya kazi, akamfundisha mwenzake, na wakaelewana.

Kwa hiyo twapendekeza kwa walimu wenzetu zoezi moja. Wapelekeni wanafunzi kwa mafundi wazee wa Gitega na wa Muyinga. Waulize majina ya vyombo na ya kazi: timazi, pimamaji, jukwaa. Waulize juu ya mwiko, ambao mikononi mwa mwashi ni chombo cha kupakia udongo, jikoni ni cha kusongea ugali, na katika mila ni jambo lililokatazwa. Waandike neno la Kiswahili, neno la Kirundi, na kando yake waandike kila mzee alifundishwa kazi na nani, na nyumba zipi alizijenga. Ngano za Unguja ziliokolewa kwa sababu yuko aliyekaa chini na kusikiliza. Mafundi wetu nao wastahili kusikilizwa wangali hai, wasije wakakumbukwa kwa nguzo moja iliyopinduliwa.