Skwota, Kipande na Kifagio: Chimbuko la Vibarua katika Kenya ya Walowezi

Wapo wasemao kwamba Mwafrika wa Kenya aliuendea mshahara kwa hiari yake mara alipoionja fedha. Rai hii hupingwa na sheria zenyewe za ukoloni na, jambo lituhusulo zaidi sisi wanalugha, hupingwa pia na msamiati wa watu waliotungiwa sheria hizo.

Sheria ya Ardhi ya 1915 ilimpa mlowezi hati ya miaka 999. Ardhi alikuwa nayo. Alichokosa ni mtaji na mikono ya kazi. Ndipo jamaa nyingi za Wakikuyu zilipohamia Bonde la Ufa, zikapewa konde na malisho kwa malipo ya kazi. Huyo ndiye skwota. Katika Kiingereza neno hilo humtaja mtu akaaye juu ya ardhi pasipo haki, hivyo jina lilimhukumu kabla ya hakimu. Sheria ya 1918 ilimdai siku 180 za kazi kwa mwaka. Kipande, kilichotiwa katika kikopo cha chuma na kuvaliwa shingoni, kilimzuia kumtoroka mwajiri.

Lakini skwota alikuwa na mifugo, na mifugo ndiyo iliyokuwa mtaji wake. Mlowezi alilitaka konde la skwota kwa kuwa liliilisha familia na hivyo kuuweka mshahara chini. Hakutaka skwota huyo ajilimbikizie mali kiasi cha kuweza kuukataa mshahara. Utata huu ulitatuliwa kwa nguvu. Katika miaka ya 1920 mifugo ya maskwota ilianza kuondolewa mashambani, na wenyewe wakaliita tendo hilo kifagio. Wengi wao walisema Kikuyu nyumbani, lakini waliteua neno la Kiswahili, nadhani kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya amri shambani. Wataalamu wa uchumi wangeandika kurasa nyingi kulieleza jambo hilohilo.

Sheria ya 1937 ilizipa halmashauri za walowezi uwezo wa kuongeza siku za kazi na kupunguza makonde na mifugo. Baada ya Vita Kuu ya Pili maelfu walifukuzwa, wakarudi katika hifadhi za Wakikuyu na kukuta machifu, walimu na wafanyabiashara wamekwisha kujipatia ardhi kubwa. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipowapa wenye ardhi hao hatimiliki, wengi wa wasio na ardhi walikuwa vizuizini.