Chombo cha Wakati Kilichomtangulia Wells

Wengi wetu tukitaja safari za kurudi karne zilizopita, jina linalotujia ni H. G. Wells na kitabu chake cha 1895. Miaka minane kabla yake, Mhispania Enrique Gaspar alikuwa amekwishachapisha El anacronópete mjini Barcelona. Ilikuwa 1887. Huku kwetu Burundi Mwezi Gisabo ndiye aliyekuwa mwami, na Wajerumani walikuwa bado hawajahamishia makao yao Gitega; hilo lilikuja 1912.

Gaspar alikuwa mtunzi wa tamthilia na konsuli wa Hispania nchini Uchina. Chombo alichokibuni ni sanduku kubwa la chuma linaloendeshwa kwa umeme, na ndani yake hata mafagio hufagia yenyewe. Huruka kinyume na mzunguko wa dunia, nao wakati hurudi nyuma. Abiria asiyepewa kinga ya mwanasayansi Don Sindulfo hupungua umri njiani. Ndiyo maana wamo wanawake wa Paris waliopakiwa makusudi warudie ujana. Safari inaanzia Paris ya 1878, inapitia Granada ya 1492, Uchina ya kale na Pompeii ya mwaka 79, hadi gharika ya Nuhu. Ni kichekesho, lakini kimefikiriwa kwa makini.

Kweli, Mmarekani Edward Page Mitchell aliandika hadithi ya saa inayorudi nyuma mwaka 1881. Ila mashine iliyoundwa na mwanasayansi kwa kazi hiyo, heshima yake nampa Gaspar.

Kilichomfunika ni kukosa wafasiri. Yolanda Molina-Gavilán na Andrea Bell walimtoa kwa Kiingereza 2012, miaka 125 baadaye. Nasi Waswahili, riwaya za kigeni zilitujia kwa mlango wa Waingereza: Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina zilitoka 1929, na waliozichagua walikuwa watawala.

Leo shule za msingi za Burundi zinafundisha Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Muyinga, jirani na mpaka wa Kobero, Kiswahili ndicho lugha ya biashara na Watanzania. Vijana wenye lugha nne hawana sababu ya kungoja wachaguliwe vitabu. Gaspar alifariki 1902, haki za kitabu zimekwisha, na matini ya Kihispania inapatikana bure. Walimu wa Gitega na Muyinga, watafuteni wanaojua Kihispania, mwanze na sura za Paris.