Kiti cha Serikali Kilivyohama

Wadachi walipoanza kuitawala nchi yetu walikaa Bagamoyo, ilikokomea misafara ya pembe kutoka Tabora na Ujiji. Lakini maji ya pale ni machache: jahazi hupwelewa, nazo meli hutia nanga mbali. Basi mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, penye bandari ya kina. Bagamoyo ikafifia.

Miji yote miwili ilifuata mali itokayo nchini. Mwaka 1973 tuliamua makao yawe Dodoma, katikati ya nchi, yapate kufikiwa na mkulima wa Kigoma sawasawa na mvuvi wa Mtwara. Bunge likahamia huko mwaka 1996. Ukitaka kujua serikali yatazama nini, tazama ilipoweka kiti chake.