Lakabu za Barua Pepe na Chimbuko Lake

Desturi ya kujisajili katika kila tovuti kwa anwani tofauti ya barua pepe, huku barua zote zikiishia katika sanduku moja, imejengwa juu ya maamuzi ya kiufundi yaliyotangulia tovuti zenyewe. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN nchini Marekani, alitumia alama ya @ kutenganisha jina la mtumiaji na jina la kompyuta yake. Kwa hiyo anwani ilifungamana na mashine, na aliyehama mashine aliiacha anwani.

Kifungo hicho kilifunguliwa kwa hatua mbili. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa vikoa, yaani majina ya mtandaoni yanayosajiliwa kwa ngazi, na Januari 1986 Craig Partridge akachapisha waraka uliofafanua rekodi ya MX, ambayo hutaja seva inayopokea barua za kikoa fulani. Tangu hapo mwenye kikoa aliweza kubadili mchukuzi wa barua zake bila kubadili anwani hata moja.

Wakati huohuo Sendmail, programu ya kusafirisha barua iliyoandikwa na Eric Allman huko Berkeley, ilitumia faili la lakabu, yaani majina ya badala. Mstari kama «postmaster: root» ulitosha kuzipeleka barua za jina la kwanza kwa mwenye jina la pili, lakini aliyeuandika ni msimamizi wa seva.

Mamlaka hayo yalipomfikia mtu wa kawaida mwenye kikoa chake, lakabu ikawa kinga. Anayelipatia duka la vitabu lakabu ya «vitabu», asimpe mwingine yeyote, akianza kupokea humo matangazo ya mikopo, hutambua mara moja njia ambayo anwani yake imevujia, kisha huifunga hiyo pekee bila kuzigusa nyingine.

Huduma za kuficha anwani, kama ile ya Apple ya mwaka 2021, hurahisisha kazi hiyo, ila lakabu zake nyingi hukaa chini ya kikoa cha mtoa huduma, na utegemezi wa zamani hurejea. Hata hivyo, kikoa binafsi nacho hudai uangalifu: usajili wake ukiisha bila kuhuishwa, mwingine anaweza kukisajili na kupokea barua za kubadilishia nywila, hivyo mwenye lakabu nyingi hana budi kukilinda kikoa chake kabla ya chochote kingine.