Tengeru na hesabu ya mabwana shamba

Ndani ya eneo la chuo cha mifugo Tengeru, mashariki mwa jiji la Arusha, kuna makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1942, vita vikiendelea Ulaya, Waingereza walifungua hapo, chini ya Mlima Meru, kambi iliyopokea wakimbizi wapatao 5,000 waliotoka Siberia kupitia Iran. Kambi ilipofungwa, eneo likageuzwa kuwa la mafunzo, na katika miaka ya 1950 Tengeru ikawa inaandaa watumishi wa kilimo na mifugo wa ngazi ya chini.

Baada ya uhuru, upungufu mkubwa ulikuwa wa wataalamu wa juu. Mwaka 1963 serikali ilichapisha ripoti ya George Tobias, iliyokadiria wataalamu ambao Tanganyika ingewahitaji kati ya 1962 na 1967. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza 1964, ukaweka lengo: ifikapo 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi zote. Mwaka 1965 kikafunguliwa Chuo cha Kilimo Morogoro, ambacho mwaka 1984 kilizaa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Katikati ya safari hiyo, Februari 1967, Azimio la Arusha likatamka kwamba kilimo ni msingi wa maendeleo.

Serikali ilihesabu nafasi zake, ikawasomesha vijana kwa gharama zake, kisha ikawapangia vituo. Bwana shamba aliyehitimu hakuzunguka na bahasha ya vyeti akitafuta kazi. Ila hesabu hiyo ilimtambua mwajiri mmoja tu. Masharti ya kubana matumizi yalipoiandama serikali, hadi miaka ya 1990 uhakika wa ajira ulikuwa umekwisha, ingawa vyuo viliendelea kutoa wahitimu.

Mkulima wa Meru naye hakusubiri. Pembeni ya kahawa na migomba alipanua bustani za mboga, huku mashamba ya maua ya kuuza Ulaya yakienea upande wa Usa River. Mwaka 1997 watafiti wa Tengeru walitoa mbegu za nyanya za Tanya na Tengeru 97, zenye tunda gumu linalostahimili safari ya kwenda sokoni.

Mwaka 2014 akaja kantangaze. Mdudu huyu alitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini katika kijiji cha Ngabobo, Arumeru. Buu wake hujichimbia ndani ya jani, dawa inayopulizwa juu isimfikie kwa urahisi, na shamba la nyanya likakauka kama lililochomwa moto. Hapo mkulima humhitaji mtu anayejua wadudu, awe wa serikali, wa duka la pembejeo au wa kampuni ya mbegu.

Mipango ya zamani ilijenga vyuo vinavyotufaa hadi leo, na kwa hilo inastahili heshima. Kasoro yake ni kuhesabu viti vya ofisini badala ya mahitaji ya shambani. Wanaopanga idadi ya wanachuo sasa waanze na Ngabobo, ndipo waende wizarani.