Sera ya soko huria ya Hong Kong

Sera ya soko huria ya Hong Kong ni utaratibu wa uchumi uliokuzwa katika koloni hilo la Uingereza kwa matumizi madogo ya serikali, kodi nafuu na biashara ya nje isiyowekewa vizuizi. Unahusishwa zaidi na Mskoti John Cowperthwaite (1915–2006), Katibu wa Fedha kuanzia 1961 hadi 1971.

Hong Kong ilikuwa bandari huru tangu 1841. Ushuru ulitozwa kwa bidhaa chache tu, hasa pombe, tumbaku na mafuta, tena kwa ajili ya mapato, wala si kulinda viwanda vya ndani. Cowperthwaite aliamini kwamba mfanyabiashara anayehatarisha mtaji wake hupima mambo vizuri kuliko ofisa anayetumia fedha za umma. Alikataa hata kukusanya takwimu za pato la taifa, akihofia zingewapa maofisa sababu ya kuingilia uchumi. Kiwango cha kawaida cha kodi ya mapato kilipopandishwa mwaka 1966, kilifika asilimia 15 tu. Mwanauchumi wa Marekani Milton Friedman aliusifu sana mfano huo.

Sifa hizo ni za haki, lakini huacha nje jambo kubwa: ardhi. Karibu ardhi yote ilikuwa mali ya serikali. Wawekezaji walikodishwa viwanja kwa mnada, na malipo yao yakaingia hazina. Kodi iliweza kubaki chini kwa sababu serikali ilikuwa pia mwenye ardhi.

Serikali hiyohiyo ilijenga nyumba kwa wingi. Usiku wa Krismasi ya 1953 moto uliteketeza vibanda vya wakimbizi huko Shek Kip Mei, watu wapatao 53,000 wakakosa makazi. Yakafuata majengo ya ghorofa yenye chumba kimoja kwa familia, vyoo na mabomba vikiwa vya kushirikiana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliishi katika nyumba za umma. Kwa hiyo si sahihi kuieleza Hong Kong kama mahali ambapo soko liliachiwa kila kitu.

Baada ya Hong Kong kurejeshwa China mwaka 1997, Sheria ya Msingi, iliyo kama katiba ya eneo hilo, ilidumisha bandari huru na kodi nafuu. Hata hivyo, kima cha chini cha mshahara kilianza kutumika tarehe 1 Mei 2011, kikiwa dola 28 za Hong Kong kwa saa. Wafanyakazi wa ndani wanaoishi kwa waajiri wao hawakujumuishwa.